Mbio za punda bila fimbo: mwongozo kwa waandaaji wa Tanga

Anayeandaa mbio za punda kwa ajili ya Idi au Maulidi kwa kawaida huanza na fulana, kipaza sauti na mdhamini wa zawadi. Punda hukumbukwa asubuhi ya siku yenyewe, akishafunguliwa kwenye mkokoteni wa mchanga aliouvuta jana hadi magharibi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: punda kwanza, wiki mbili kabla, na fulana kama fedha zitabaki.

Ipo dhana ya kuondoa mapema. Watu wanaocheka punda akichapwa si watu wabaya majumbani kwao. Wanacheka kwa sababu punda haonyeshi anachokisikia. Mbuzi akiumia hulia, mbwa hubweka. Punda hunyamaza, husimama, huinamisha kichwa na kulaza masikio, na sisi tunaiita hali hiyo ukaidi. Ukitegemea huruma ya watazamaji ije yenyewe, haitakuja. Lazima uwape kitu cha kutazama, na sehemu kubwa ya kazi hapa ni hiyo.

Fedha na ruhusa

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa afisa mifugo wa kata. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na afisa mifugo ndiye mwenye jicho la kitaalamu. Mwombe awepo siku ya ukaguzi na siku ya mbio, umpe nauli na posho, na muandikiane jambo moja: akisema punda fulani hakimbii, basi hakimbii, hata kama ni wa mdhamini. Jijini Tanga kuna chuo cha mifugo cha Buhuri. Omba wanafunzi wachache waje kuhesabu mapigo ya moyo, kwa maana ukaguzi wa punda ishirini humchosha mtu mmoja na akichoka huanza kupitisha.

Halafu gawa fedha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimlipa aliyeshinda tu, umemfundisha kila mwenye punda kuficha kilema. Huyu bwana anakula kwa mgongo wa mnyama wake. Ameacha kazi ya siku nzima kuja kwako. Akiona punda wake anachechemea kidogo atajisemea "atapoa akikimbia". Lipa mahudhurio. Kila punda aliyeletwa kwenye ukaguzi apate kitu kilekile, tuseme gunia la pumba na hatamu mpya, akimbie asikimbie. Zawadi ya kasi iwe ndogo. Zawadi kubwa iwe ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, ihukumiwe kwa kwato, ngozi na unene, na itangazwe tangu siku ya kwanza ili mwenye punda awe na wiki mbili za kuponya kidonda badala ya wiki mbili za kumfundisha kuogopa fimbo.

Usichukue kiingilio kwa washindani ukakigeuza zawadi. Hiyo ni kamari, na masheikh watakuambia hivyohivyo. Zaidi ya hilo, fedha ya mtu ikiwa njiani haiachi punda apumzike: aliyeweka elfu ishirini hatakubali mnyama wake asimame katikati.

Ukaguzi, siku moja kabla

Fanyia kwenye kivuli na kwenye ardhi ngumu, asubuhi. Unahitaji futi ya fundi cherehani, mizani ya kupimia watu, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto, ndoano ya kusafishia kwato, daftari, na rangi ya kuandikia namba kwenye kitambaa. Namba usiichore kwenye ngozi. Alama ya moto usoni ndiyo kabisa: imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona punda aliyetiwa alama usoni akamlaani aliyefanya vile.

Muache punda atulie dakika kumi kabla ya kumgusa. Hesabu pumzi kwa kutazama ubavu. Punda mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 28 kwa dakika. Mapigo ya moyo yapate kwenye mshipa unaopita ukingoni mwa taya kwa ndani: weka vidole viwili, si gumba, hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Yawe kati ya 36 na 52. Joto la mwili, nyuzi 36.5 hadi 37.8. Kipimajoto cha mkunduni kifunge uzi, kisije kikapotelea ndani.

Kuhusu maji mwilini, wengi hufinya ngozi ya shingo kuona kama inarudi. Kwa punda kipimo hicho hudanganya, kwa sababu ni mnyama wa asili ya nchi kame na huvumilia kiu muda mrefu bila kuonyesha. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uwe na unyevu. Ukiwa unanata, huyo ana kiu.

Sasa vua matandiko yote, usikubali kuambiwa "huyu hana kitu". Vidonda vya punda wa kazi vina makazi yake: juu ya mabega soji, yaani tandiko la punda, inapokaa, kifuani mkanda wa mkokoteni unapovuta, chini ya mkia, na kwenye pembe za mdomo. Tanga ni mji wa mkonge, kwa hiyo kamba iliyo karibu siku zote ni ya katani. Kamba ya katani ikilowa jasho na kukauka huwa kama msasa. Utaona mstari mwembamba usio na manyoya, kisha ngozi ngumu, kisha nyama. Kovu kavu lisilo na manyoya linaruhusiwa. Jeraha lenye unyevu, hata la ukubwa wa sarafu, linamtoa. Akiwa na waya mdomoni badala ya lijamu, ukate palepale, mpe hatamu ya kitambaa, na mtazame kama pembe za mdomo zimechanika.

Umri usiulize peke yake, tazama meno ya mbele. Jozi ya katikati hubadilika kama miaka miwili na nusu, inayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu. Akiwa bado na meno ya utoto pembeni, mifupa haijakomaa. Arudi mwaka kesho. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha hakimbii. Mimba ya punda huchukua kama mwaka mzima, na mwenye mali anaweza asijue, basi ukitilia shaka tumbo, mtoe. Madume yafungwe mbali na majike, la sivyo mbio zitaanza kabla ya filimbi.

Kilema cha mguu hakionekani punda akiwa amesimama. Inua kila kwato, toa uchafu kwa ndoano ukielekea kwenye ncha, nusa. Harufu ya kuoza na ute mweusi ni ugonjwa wa kwato. Kisha mwenye punda amkimbize polepole mita ishirini kwenda na ishirini kurudi, kamba ikiwa imelegea, wewe ukisimama mbele na baadaye ubavuni. Tazama kichwa: punda mwenye maumivu mguu wa mbele hupandisha kichwa anapokanyaga mguu mbovu na kukishusha anapokanyaga mzima. Mwenye punda akishika kamba fupi karibu na taya, mwambie alegeze, kwa sababu kamba fupi ndiyo inayoficha dalili hiyo. Rudia zoezi hili asubuhi ya mbio. Aliyepita jana anaweza kuamka amevimba.

Jambo jingine la kuuliza: amekula nini tangu jana? Kuna waliozoea kumnyima punda chakula usiku kucha, hata siku nzima, ili "awe mwepesi". Punda aliyenyimwa chakula huanza kuvunja mafuta ya mwili na kuyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyabeba, hasa mnene na jike. Siku mbili tatu baadaye amelala, hataki kula, na matibabu ni magumu. Aliyenyimwa chakula hakimbii, na mwenyewe aambiwe kwa nini.

Nani apande?

Zungusha futi kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele na mabega, ukisoma wakati anatoa pumzi. Kwa punda mzima makadirio ni haya: sentimita 105 ni karibu kilo 104, sentimita 110, kilo 117, sentimita 115, kilo 132, sentimita 120, kilo 148. Theluthi ya uzito ndiyo mwisho wa mzigo, na hapo ni kwa mwendo wa kawaida, si kwa mbio ambapo mpandaji anagonga mgongo kila hatua. Kwa hiyo punda wa sentimita 115 mwisho wake ni kilo 44, soji ikiwemo.

Mpime kijana yeyote wa Ngamiani kwenye mizani yako. Kilo 60, kilo 65. Hesabu imekataa.

Watu wakifika hapa hutafuta mtoto. Ndivyo ilivyotokea kwenye mbio za ngamia za nchi za Ghuba: uzito mdogo uliwafanya watoto wadogo kuwa bidhaa, mpaka Falme za Kiarabu na Qatar zilipowapiga marufuku na kuweka roboti mgongoni mwa ngamia kuanzia miaka ya 2004 na 2005. Kanuni ya uzito isiyoambatana na kanuni ya umri humhamisha tu anayeonewa.

Pendekezo letu ni kutopanda kabisa. Katika milima ya Colorado, Marekani, kuna mbio zilizoanza mwaka 1949 kati ya Leadville na Fairplay ambapo mtu hukimbia kwa miguu yake, kamba mkononi, punda kando yake akiwa na mzigo wa kilo 15 tu. Kupanda hairuhusiwi, fimbo hairuhusiwi. Mchezo huo una sifa moja inayotufaa: ukimvuta punda kwa nguvu anasimama, na aliyesimama ameshindwa. Hushindi mpaka muwe mmezoeana. Hapa kwetu hata mzigo huo acha. Mtu na punda, kamba ya mita tatu, basi. Utashangaa jinsi uwanja unavyocheka zaidi, na safari hii anayechekwa ni mtu.

Njia na saa

Ufuko mwingi karibu na mji wa Tanga ni mawe na tope la mikoko. Mchanga mpana unaupata zaidi upande wa Pangani. Mchanga mkavu unaozama kifundo huchosha mishipa ya miguu haraka. Tafuta ule uliolowa na kukazana baada ya maji kutoka, kisigino chako kiache alama bila kuzama. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na saa hiyo jua limeshapanda. Maulidi ya tarehe 12 Mfunguo Sita huangukia siku chache kabla ya bamvua, hivyo maji hupwa mapema kidogo. Usingoje yatoke yote. Saa moja asubuhi tayari ukanda wa juu umeachwa wazi, na hiyo ndiyo saa yako. Thibitisha kwa mvuvi wa eneo hilo. Mjini tumia uwanja wa mpira wenye nyasi, kamwe si lami wala sakafu ya saruji, ambapo kwato huteleza.

Njia iwe moja kwa moja, mita 300 hadi 400, na upana wa mita tatu kwa kila punda. Punda wanne au watano kwa mkupuo. Pitia njia nzima kwa miguu uokote chupa na vipande vya matumbawe. Baada ya mstari wa mwisho acha mita 60 tupu. Ajali nyingi hutokea pale, watu wanapoziba njia kumshangilia mshindi na punda akakosa pa kwenda. Watazamaji wakae upande wa nchi kavu peke yake, nyuma ya kamba.

Wasiozoea kukimbia wapewe nusu ya njia. Si jambo geni: Mtume alishindanisha farasi waliozoezwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyatul-Wadaa, na wasiozoezwa akawapa masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Sheikh wa mtaa akiisema hii kwenye kipaza sauti inatosha kumaliza ubishi.

Kila punda awe na lita 40 za maji, nusu ya kunywa na nusu ya kumwagia, na kivuli cha turubai kinachopitisha upepo. Mbio mbili kwa siku, si zaidi, na saa nzima katikati.

Fimbo, kipaza sauti na watu

Kusanya fimbo langoni. Zote: bakora, mpira, kipande cha waya, na ukague ncha kwa misumari. Adhabu ya kumpiga punda, kumsokota mkia au kumvuta mdomo iwe moja, kutolewa papo hapo. Usiweke faini. Uingereza ina hesabu ya viboko kwenye mbio za farasi, sita kwa mbio za uwanja tambarare na saba kwa za kuruka viunzi tangu mwaka 2023, na kwa muda mrefu mpandaji aliyezidisha aliadhibiwa yeye huku farasi akibaki na ushindi. Faini ikawa gharama tu ya kushinda. Ndipo ikaongezwa kanuni ya kumnyang'anya ushindi anayezidisha vinne au zaidi. Wewe anzia hapo walipofika.

Mtangazaji ndiye mwenye uwanja. Mpe darasa siku iliyotangulia. Maneno kama "mpe moto!" na "mkaidi huyo!" yafutwe. Badala yake afundishe macho: "Tazameni kamba ya Namba Tatu, imelegea kama ya nguo. Tazameni masikio, yako mbele. Namba Tano kasimama, kijana naye kasimama, anamsubiri. Mpigieni makofi huyo." Punda akitolewa, sababu isomwe kwa sauti na bila kumtaja mwenyewe: "Kidonda chini ya soji, cha upana wa vidole viwili. Zawadi yake ya mahudhurio ameshapewa." Methali ya "punda afe mzigo ufike" itarushwa kutoka kwenye kundi, lazima. Mtangazaji awe na jibu mfukoni: "Na Jumatatu mzigo utaubeba wewe?"

Kisha wale wanaopiga kelele zaidi uwape kazi. Chagua sita, wape kila mmoja bendera nyekundu, wapange kila mita 60 kando ya njia. Kazi yao ni moja: kamba ikikaza kwa hesabu ya tatu, inua. Anayesimama kundini hutazama nani anaongoza. Mwenye bendera hutazama mdomo wa punda. Kati ya kila tunachopendekeza, hiki ndicho cha bei rahisi na ndicho kinachobadilisha kelele za uwanja kwa kasi zaidi.

Wewe ukiwa mtazamaji tu

Umefika kwenye mbio za wengine, unaona damu. Usimfokee kijana mbele ya wenzake. Atachapa zaidi ili asionekane ameogopa. Mtafute mwenye punda, anza na salamu. "Shikamoo mzee. Punda wako ana jeraha hapa kifuani, mkanda unalikwaruza. Tumpumzishe mkupuo huu, mimi nitamshikia?" Kujitolea kumshika mnyama ndiko kunakomfanya asikilize, kwa kuwa umemwondolea kazi badala ya kumwongezea aibu.

Akikataa, piga picha tatu: mnyama mzima, jeraha kwa karibu sarafu ikiwa kando yake, na mahali panapotambulika. Nyuso za watoto usizipige. Andika saa, peleka kwa afisa mifugo wa kata na mtendaji wa kata siku hiyohiyo. Kuzirusha kwenye makundi ya simu kabla ya hapo humpa mhusika muda wa kumhamisha mnyama.

Baada ya filimbi ya mwisho

Tembeza kila punda dakika tano kwa mwendo wa kawaida. Mpe maji ya kunywa kidogokidogo papo hapo, lita mbili tatu kwa mara moja. Ile kauli kwamba maji baada ya mbio huua haina msingi. Akipumua kwa fujo, mmwagie maji mwili mzima mfululizo, kivulini, bila kumfunika gunia lililolowa, kwani gunia hufungia joto ndani. Joto likifika nyuzi 40 na halishuki, mwite afisa mifugo asogee.

Pima mapigo tena baada ya dakika ishirini. Katika mbio ndefu za farasi za kimataifa, farasi asiyeshuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa huondolewa. Punda wako kwa masafa mafupi namna hii awe amekaribia kabisa hesabu yake ya asubuhi, ambayo umeiandika daftarini. Aliye mbali nayo harudi njiani siku hiyo, hata kama ni fainali.

Kamba za katani zote zizungushiwe kitambaa cha pamba upana wa vidole vinne kabla punda hajarudi kwenye mkokoteni, na mwenyewe aonyeshwe namna ya kufunga. Kesho yake asubuhi pita nyumba kwa nyumba na daftari lako: je, amekula usiku, amekunya, anakanyaga miguu yote minne? Asiyekula tangu jana jioni aonwe na daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri.